Kidevu cha Bi Sindano

Meno ya chini ya Bi Sindano yaliruka siku ya utambulisho, mbele ya ukoo mzima wa mwanamume aliyetaka kumuoa.

Watu walikuwa wamekaa sebuleni kwa heshima zao, juisi imeshamiminwa, salamu zimekwisha, na kaka mmoja wa upande wa mume anasimulia jinsi alivyowahi kudandia basi la msiba wa watu asiowajua, akalia nao mpaka makaburini, akapewa na sahani ya chakula, ndipo alipouliza marehemu alikuwa nani. Bi Sindano akacheka. Akacheka kile kicheko chake cha kweli, alichokuwa amekifungia miaka na miaka nyuma ya kiganja, na safari hii kiganja kilichelewa kufika. Meno yakachomoka kama chura, yakapita juu ya meza, yakatua chubwi kwenye glasi ya wifi mtarajiwa.

Wifi aliyatazama meno. Meno nayo, kwa jinsi yalivyokaa, yalikuwa kama yanamchekea.

"Dada," alisema bwana harusi, kwa upole kabisa, "mbona barafu umewekewa wewe peke yako?"

Hapo watu walivunjika mbavu, na aliyecheka kupita wote alikuwa huyo huyo wifi, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Lakini Bi Sindano alikuwa ameshakimbilia jikoni. Binti yake alimkuta ameinamia sinki, bomba limefunguliwa na hakuna kinachooshwa.

"Siolewi," alisema, neno likatoka na upepo mwingi kuliko sauti.

"Mama, wanacheka kwa mapenzi tu. Hakuna aliyekudharau."

"Najua. Lakini siolewi mpaka nipate meno yanayokaa pale ninapoyaweka."

Bi Sindano alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, fundi wa kushona sare za shule. Chumba chake cha mbele kilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, na marundo ya sketi za bluu zinazongoja pindo. Meno yake ya chini yalimtoka moja moja, na kila jino lilipoondoka, mfupa uliolishika ulizidi kupungua, hata ule ufizi ukabaki mwembamba kama mshono. Meno ya bandia aliyotengenezewa yalielea juu yake. Alijifunza kuongea kwa kuyakandamiza na ulimi, kula upande mmoja, na kucheka kwa macho.

Mwanamume mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mzee Mafuta, kwa kuwa alitengeneza vyerehani na popote alipopita aliacha harufu ya mafuta ya mashine. Naye alifiwa na mke zamani. Alikuwa akija kwa Bi Sindano kurekebisha vyerehani, na vile vyerehani, ambavyo kwa wateja wengine vilidumu mwaka mzima bila neno, kwa Bi Sindano vilikorofisha kila baada ya wiki chache. Siku moja alikuwa amelala chali chini ya meza, bisibisi mkononi, akasema, "Bi Sindano, hii skrubu haijilegezi yenyewe." Bi Sindano aliendelea kukata kitambaa. "Labda ni mtikisiko," alisema. "Labda," alijibu Mzee Mafuta kutoka kule chini. "Basi nitakuwa napita kila wiki kuuangalia huo mtikisiko." Hivyo ndivyo walivyochumbiana.

Alikuwa na kasoro moja tu ambayo Bi Sindano aliiona mapema: kunywa chai hakujui. Chai humponyoka pembeni ya mdomo, upande wa kushoto, ikashuka kidevuni na yeye huyo anaongea tu habari za mikanda na roda. Mara ya kwanza ilipotokea, Bi Sindano alichukua kipande cha kitambaa, akamfuta, akarudi kwenye kazi yake ya kuhesabu vifungo. Mzee Mafuta aliaga ghafla, akaenda zake. Bi Sindano alidhani amemuudhi.

* * *

Binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye tabia ya kuongea na kila mtu kama anaongea na darasa la tatu. Wiki ileile alimshika mama yake mkono, wakaenda hospitali, idara ya kinywa na taya.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mrefu, aliyeinama kidogo mabegani kama mtu aliyezoea milango mifupi. Alimpapasa Bi Sindano ufizi kwa kidole, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akamweleza. Wangepanda skrubu mbili ndogo ndani ya mfupa, mbele, kwenye sehemu ya kidevu. Vichwa vya zile skrubu vingebaki juu ya ufizi, na meno ya bandia yangebanwa hapo, siku ile ile kama mfupa ni mgumu, la sivyo baada ya miezi.

"Kama vile vifungo vya kubonyeza," alisema Bi Sindano. "Dume huku, jike huku."

Daktari alimtazama, akatabasamu. "Hasa. Dume yuko mfupani, jike yuko ndani ya meno."

"Ala! Mbona kazi yenyewe naijua."

Picha ya kwanza ya eksirei, ya kawaida, ilionyesha taya lote bapa kama limelazwa juu ya meza. Nafasi ilionekana tele. Binti akataka wapange siku papo hapo, kwa sababu ndoa ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Daktari akatikisa kichwa. Alitaka picha nyingine, inayoonyesha mfupa pande zote, kimo, upana na unene, na mpaka aione hatatoboa hata tundu la sindano.

Waliporudi kusikiliza majibu ya hiyo picha ya pili, daktari aliwavutia viti karibu na kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na mfupa wa kijivu, na ndani yake mstari mwekundu alioupaka mwenyewe ili uonekane.

"Huu ni mshipa wa fahamu," alisema. "Unaingia taya kwa nyuma kabisa, huku karibu na sikio, unatembea ndani ya mfereji wake mfupani, halafu unatoka nje kwenye kitundu hiki, chini ya mdomo. Ukishatoka unaenda kwenye mdomo wa chini na kidevu. Ndio unaokuambia kama chai ni ya moto, kama kuna kombo la mkate hapa, kama mjukuu kakubusu."

"Ndiyo," alisema Bi Sindano.

"Sasa kwa watu wengi mshipa ukifika kwenye kitundu, unatoka. Wa kwako upande wa kulia umefanya hivyo hivyo. Lakini wa kushoto, tazama." Akasogeza picha pole pole. Ule mstari mwekundu ulikifikia kile kitundu, ukakipita, ukaenda mbele kuelekea katikati ya kidevu, kisha ukapinda, ukarudi nyuma, ndipo ukatoka.

"Umepitiliza," alisema Bi Sindano. "Kama mgeni aliyepita nyumba ya mwenyeji, akashtuka mbele ya safari akageuza."

"Na pale anapogeuzia," alisema daktari, "ndipo hasa nilipotaka kutoboa."

Bi Sindano aligusa kidevu chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Ni ugonjwa, mwanangu?"

"Si ugonjwa hata kidogo, mama. Ndivyo ulivyoumbwa. Mwingine ana vitundu viwili upande mmoja. Mwingine mfereji wake umegawanyika, hata ukimchoma ganzi mara ngapi bado anaumia, watu wanasema anadeka. Mwingine mfupa wake umebonyea kwa ndani, upande wa ulimi, ambako jicho halifiki. Skrubu ikitokeza huko inaweza kukata mshipa wa damu, mtu akavimba chini ya ulimi mpaka pumzi ikawa shida. Vitabuni wamechora taya moja, zuri, limenyooka. Mimi katika kazi yangu taya hilo sijabahatika kukutana nalo."

Bi Sindano alicheka kidogo, mkono mdomoni. Hata yeye hakuwahi kupima mtu mwenye mabega yaliyolingana. "Na ungetoboa pale?"

"Mdomo ungesogea, ungeongea, ungecheka kama kawaida. Ila upande huo usingehisi kitu. Pengine kwa muda. Pengine ndiyo basi."

Dawa yake ilikuwa kuzisogeza zile skrubu karibu zaidi na katikati, mbali na ule mpindo. Na ili mkono usikosee, kingetengenezwa kibao chembamba cha plastiki kinachokaa juu ya ufizi wake yeye na si wa mtu mwingine, chenye matundu mawili ya kuongoza kekee. Kibao hicho hutengenezwa mbali. Kingefika baada ya Jumamosi ile.

"Daktari, hiyo ndiyo siku yangu ya ndoa."

"Najua, mama. Binti yako amenieleza mara nyingi."

* * *

Bi Sindano alirudi nyumbani amenuna. Hakulala vizuri, na asubuhi, binti alipokuwa shuleni, alijifunga mtandio akatoka. Karibu na kituo cha basi kulikuwa na kliniki yenye bango kubwa: tabasamu la mwanamke mweupe wa meno kuliko bango lenyewe, na maneno *Meno Imara kwa Siku Moja*. Kijana wa pale alimpokea vizuri sana, akamwamkia, akampa kiti, akaitazama ile picha bapa dhidi ya dirisha. Akasema nafasi ipo, aje Alhamisi. Ile picha nyingine hakuiulizia, na Bi Sindano hakuitaja. Alitoka pale na miadi yake, moyo umetulia nusu.

Alasiri Mzee Mafuta alikuja kutia mafuta cherehani ambacho hakikuwa na shida. Bi Sindano akamwambia yote, kuanzia mgeni aliyepitiliza nyumba hadi Alhamisi. Alimwambia kwa haraka, kama mtu anayetaja bei kubwa akitumaini haitasikika.

Mzee Mafuta aliweka kopo la mafuta chini. Akachukua tambara, akafuta vidole, kimoja kimoja, mpaka Bi Sindano akaona sasa anafuta vidole visivyo na kitu.

"Alisema mdomo utakuwaje? Yule daktari mrefu?"

"Hautahisi upande mmoja. Lakini utacheka kama kawaida. Kwani mimi nautakia nini mdomo? Nautaka unifungie meno."

Alinyoosha mkono kwenye kijimto cha pini, akachomoa pini moja, na kabla Bi Sindano hajajua anafanya nini, akaiweka kwenye mdomo wake wa chini, upande wa kushoto, akakandamiza. Ngozi ikabonyea. Mwanamume hakupepesa hata jicho.

"We bwana, una wazimu!" Bi Sindano alimpokonya pini. Tone dogo la damu likachomoza.

"Imeingia?" aliuliza Mzee Mafuta. "Maana mimi sijui."

Bi Sindano akaketi.

"Nilikuwa kijana," alisema Mzee Mafuta. "Jino la mwisho huku nyuma. Liling'oka kwa tabu, lakini liling'oka. Aliyeling'oa alikuwa mtu mwema, mpole, sina neno naye, na picha za namna hiyo unazosema wakati ule hata hazikuwepo. Akaniambia, ganzi itaisha jioni." Akajigusa kidevu. "Hiyo jioni bado naingoja."

"Kwa hiyo ile chai..."

"Ndiyo ile chai. Na makombo ya mkate. Na nikinyoa naangalia kioo kama naendesha gari, maana nikijikata najulishwa na kola ya shati. Marehemu mke wangu alikuwa akijua, ananifinya goti chini ya meza nikiwa nimejichafua mbele za watu. Alipoondoka, nikaacha kula mbele za watu."

"Lakini hapa kwangu ulikuwa unakunywa."

"Siku ya kwanza ulinilazimisha." Akatabasamu, na Bi Sindano akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba hilo tabasamu huanza upande wa kulia, na kushoto hufuata kwa kubahatisha. "Chai ikanimwagikia. Ukanifuta. Hukucheka, hukusema pole, hukuniuliza kama naumwa. Ukarudi kwenye vifungo vyako. Mimi nilienda nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu mpaka giza likaingia."

Bi Sindano alisogeza kiti chake karibu.

"Sikutaka kukuambia," aliendelea. "Mwanamume anataka aoe akiwa mzima. Lakini sasa nasema, Bi Sindano, mimi nusu ya mdomo wangu haipo. Na wewe ukija nusu yako haipo, tukibusiana tutajuaje kama tumefika?"

Bi Sindano alicheka. Kilimtoka bila ruhusa, kikubwa, mpaka meno yakainuka, akayadaka kwa kiganja yakiwa njiani. Kisha akaona anacheka na huku analia, na Mzee Mafuta naye yuko hivyo hivyo, damu yake ya pini ikitiririka kidevuni bila habari. Akamfuta.

"Alhamisi siendi," alisema alipopata sauti.

"Alhamdulillahi."

"Ila basi tuahirishe ndoa. Siendi kusimama mbele ya watu na meno haya ya kuruka."

"Mimi naoa Jumamosi," alisema Mzee Mafuta, akiokota kopo lake. "Suti imeshapigwa pasi. Wewe kama utakuwa na nafasi, karibu."

* * *

Alikuwa na nafasi. Walifunga ndoa kwa msajili, kwenye chumba chenye bendera, kalenda na feni iliyolia kama panya. Wakati wa picha, mpiga picha alimwambia bibi harusi atabasamu kidogo. Bi Sindano alifikiri, akageuka ukutani, akayatoa meno ya chini, akayafunga kwenye leso na kuyatia mkobani. Binti yake nusura azimie. "Mama! Picha hizo za maisha!" Lakini mama akageukia kamera, mume akamnong'oneza neno ambalo mpaka leo hawajamwambia mtu, na katika picha ile Bi Sindano anacheka mdomo wazi, ufizi unang'aa, mikono yote miwili iko chini.

Upasuaji ulifanyika mwezi uliofuata, asubuhi. Bi Sindano hakulazwa usingizi, alichomwa ganzi, mdomo ukaanza kuwa mzito, kisha ukawa si wake. Daktari aliweka kile kibao cha plastiki, kikakaa juu ya ufizi kama kofia ya mtu mwenyewe, na kazi yote akawa anaisimulia kwa sauti ya chini: "Sasa utasikia mtetemo, mama. Sasa maji. Tuko katikati, mgeni wetu yuko mbali, tumemwacha ageuze zake kwa amani." Bi Sindano alitazama taa na kuhesabu pindo za sketi kichwani. Aliposhtukia, nyuzi za mwisho zilikuwa zinafungwa, na aliona kwamba daktari anashona kwa mkono mwepesi, mishono iliyokaribiana. Angeweza kusema angemsifu.

"Imekwenda vizuri," daktari aliwaambia wote watatu nje. "Ganzi itaisha jioni."

Ni maneno ya kawaida. Madaktari huyasema kutwa. Lakini sura ya Mzee Mafuta ilisawajika. Njia nzima aliushika tu mkono wa mke wake kama mtu anayebeba yai.

Nyumbani alimkalisha kwenye kiti cha mikono, akaketi mbele yake magoti yakigusana. "Unahisi?" "Bado." Akanyanyuka, akazunguka meza ya kukatia, akarudi. "Na sasa?" "Fundi, hujamaliza hata kukaa." Binti aliwaletea maji. Bi Sindano alikunywa, akameza, akarudisha kikombe, akaanza kumuuliza binti habari za shule. Mume akainama mbele na kumfuta kidevu. Bi Sindano alipojitazama, kifua cha gauni kilikuwa kimelowa chepechepe. Hakuwa amejua kabisa.

Alimtazama mume wake muda mrefu. "Ndivyo hivi?"

"Ndivyo hivi."

"Kila siku?"

"Mtu huzoea," alisema, na Bi Sindano akaona ni uongo wa mapenzi, akaupokea hivyo hivyo.

Upande wa kulia uliamka kwanza. Ulianza kuwaka, kisha ukauma, na wakaushangilia. Lakini kushoto kulibaki kimya. Jua liliondoka dirishani, likapanda ukutani, likakaribia dari. Binti akashika simu ampigie daktari. Mama akamwambia asubiri, daktari amesema jioni, na hii si jioni, hii ni alasiri iliyochoka. Alisema hivyo kwa ushujaa, ila vidole vyake vilikuwa vikisokota pindo la gauni. Mzee Mafuta hakuuliza tena. Alikuwa amegeukia cherehani, amekifungua chote, vipande vimepangwa mezani, na hakuna kimoja alichokuwa anakirudisha.

Ndipo Bi Sindano akapiga ukelele. Mzee Mafuta aliangusha bisibisi.

"Wanatembea!"

"Nani?"

"Sisimizi! Kidevuni! Kushoto! Wanatembea, Fundi, wanatembea, tena wananiuma!"

Mzee Mafuta alipiga magoti mbele yake, akamgusa kwa ncha ya kidole, chini kidogo ya mdomo, upande ule wenye mpindo. "Hapa?"

"Hapo! Na kidole chako kina mafuta!"

Mzee Mafuta akafunika uso kwa tambara lake chafu la kazi, akalia kama mtoto, na alipolitoa alikuwa na mstari mweusi kutoka paji hadi pua. Binti, mwalimu wa darasa la tatu, alitoka nje haraka kwa kisingizio cha kuanua nguo ambazo hakuwa amezifua.

* * *

Mfupa haukuwa mgumu wa kutosha, ukaachwa uzishike zile skrubu kwa miezi kadhaa, huku Bi Sindano akila vitu laini na kulalamika. Kisha siku ikafika. Daktari aliyaweka meno mapya, akabonyeza kwa vidole gumba, yakalia *tak*, na tena *tak*. Bi Sindano akatikisa kichwa. Akapuliza. Akajilazimisha kukohoa. Hayakwenda popote. Akaomba karanga, na muuguzi aliyekuwa nazo mfukoni alimpa kwa siri, na sauti ya zile karanga zikisagika ilisikika mpaka kwenye benchi la korido.

Alipokwisha kumeza alisema, "Daktari, kuna mtu nje namtaka umwangalie."

Mzee Mafuta aliingia kofia mkononi, akikataa huku anakuja. Daktari alimfumbisha macho. Alichukua uzi wa pamba, akawa anamgusa nao kidevuni na mdomoni, mguso mwepesi usioacha alama. "Sema ukihisi." Mahali alipohisi, daktari aliendelea mbele, mahali alipoacha kuhisi, alitia nukta kwa kalamu. Alipomaliza aliunganisha zile nukta, na kidevu cha Mzee Mafuta kikawa na mpaka wa wino wa bluu, kama ramani.

Kisha akampiga picha. Hata kwenye mfupa ule wa zamani ilionekana: mfereji wa mshipa, badala ya kupita chini kama kwa wengi, ulikuwa umepanda juu, ukapita pale pale mizizi ya jino la mwisho ilipokuwa imeshuka.

"Ulikuwa umebanana na mizizi," alisema daktari. "Bila picha ya namna hii, hakuna mtu angeujua. Si yule aliyeling'oa, wala si mimi kama ningekuwa yeye." Akamgeukia. "Sitakudanganya, mzee. Imepita miaka mingi mno. Hautarudi."

Mzee Mafuta alitazama ule mfereji wake uliopanda. Siku ile ya kung'olewa jino alikuwa ameiwaza mara nyingi, Bi Sindano alijua. Aliwahi kumwambia kwamba ujanani alifikiri labda alitikisika kitini, labda aliogopa akaharibu.

"Kumbe ulikuwa njiani tu," alisema mwishowe. "Haya. Asante, mwanangu. Nafurahi nimeuona."

Walirudi kwa miguu. Daktari alimpa Mzee Mafuta pamba na spiriti afute wino, naye akavitia mfukoni. Watu wa mtaani walimkodolea macho, mwuza magazeti akamuuliza kama ni mchezo wa kuigiza, naye akajibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. Nyumbani alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha mikono. Bi Sindano alisimama mbele yake, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto, akiutazama ule mstari wa bluu ulioanzia pembe ya mdomo, ukashuka, ukapinda, ukapanda katikati ya kidevu.

"Usijifute kwanza," alisema. "Fumba macho."

"Na wewe tena?"

"Fumba."

Alifumba. Bi Sindano alimbusu ndani ya mstari. "Hapa?"

"Hapo sijui kitu."

Akasogea kidogo. "Na hapa?"

"Hapo nasikia harufu ya karanga tu."

Akauvuka ule wino. "Na hapa?"

Mzee Mafuta aliinua kidevu. "Hapo," alisema, macho bado yamefumbwa, "hapo nipo."

Mlangoni binti akabisha hodi, amebeba madaftari ya darasa zima ya kusahihisha.

"Subiri nje kidogo, mwanangu," aliita mama yake, na meno hayakutikisika hata chembe. "Tuna kazi."